Anapika kuku kutwa, anakimbia kwa choroko mbichi

Jua la Singida Mjini halijapanda sana, lakini kibanda cha Marietha Nkuhi, hatua chache kutoka sokoni, tayari kinafuka moshi. Upande mmoja sufuria ya kuku wa kienyeji inatokota. Upande wa pili kikaango cha mafuta ya alizeti kinasubiri chapati. Marietha anakoroga, anafunika, anavuta kuni moja nje ili moto upungue, kisha anapangusa jasho kwa ncha ya kitenge.

Mteja wa kwanza, dereva wa bodaboda, anaegesha pikipiki na kuvuta benchi.

"Shikamoo, mama Enock."

"Marahaba, baba. Leo unakula nini?"

"Supu na chapati mbili. Na wewe leo umekula nini?" anauliza huku akicheka, maana jibu analijua.

Marietha anafungua bakuli la plastiki alilolitenga mbali na jiko. Ndani kuna choroko zilizoota mikia myeupe, vipande vya papai, karoti iliyokwaruzwa na karanga mbichi zilizolala kwenye maji usiku kucha. Anachota kijiko kimoja, anatafuna bila haraka, halafu anarudi kugeuza chapati.

Mwanamke huyu mwenye miaka 41 analisha wachuuzi, madereva, makarani na wasafiri wanaosubiri basi. Yeye mwenyewe, huu ni mwaka wa tano hajatia mdomoni kitu kilichopikwa. Hali nyama wala mayai, hanywi maziwa, na hata asali, ambayo wageni huinunua kwa madumu kabla ya kuondoka mkoani, haigusi.

Jioni, sufuria ya mwisho ikishaoshwa, anavaa raba na kwenda kukimbia kando ya Ziwa Kindai, umbali ambao vijana wengi wangetafuta usafiri.

"Watu wananiuliza nguvu natoa wapi," anasema. "Nawaambia, ng'ombe wa kwetu kijijini Ilongero analima shamba zima, na hujawahi kumwona anakaanga majani."

Dereva wa bodaboda anapaliwa na supu kwa kicheko. Anaagiza chapati ya tatu.

Marietha alizaliwa Ilongero, katika familia ya wakulima wa uwele na alizeti. Shule ya msingi alikuwa mkimbiaji mzuri, wa kuchaguliwa kila mashindano ya tarafa yalipofika. Alipomaliza darasa la saba mbio zikaishia hapo. Hakuna aliyemkataza. Ni kwamba hapakuwa na mahali pa kuzipeleka.

Akaolewa na Laurian, fundi mwashi mwenye asili ya Kinampanda, wakahamia mjini. Laurian alijenga nyumba za watu, Marietha akafungua kibanda cha chakula pamoja na jirani yake Rukaiya. Mpaka leo wako pamoja. Rukaiya anasimamia wali na mboga, Marietha anasimamia kuku na chapati, na kuku huchinjwa na mume wa Rukaiya ili wateja wa dini zote wale bila wasiwasi.

Kazi ya kupeleka chakula maofisini ilikuwa ya Marietha. Kila mchana alipita mitaani na hotpoti mbili, moja kila mkono, akitembea kwa ule mwendo wa mtu anayejua kwamba supu ikipoa itarudishwa.

Hapo ndipo Melkiori alipomwona. Melkiori ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya pama asiyoivua hata akikimbia. Anaongoza kikundi cha watu wazima wanaofanya mazoezi ya mbio mjini hapa.

"Siku hiyo tulikuwa na mazoezi ya mchana, kikundi kizima tunakimbia," anakumbuka. "Huyu mama akatupita. Anatembea! Na ana hotpoti mbili! Nikawaambia wenzangu, jamani, simameni kwanza, tuone aibu pamoja."

Mwalimu alimfuata hadi kibandani na kumwalika. Marietha alidhani ni utani. Alipofika mazoezini mara ya kwanza alikuwa amevaa kanga na malapa, na ilibidi mwenzake mmoja amwazime raba zilizompwaya.

Miguu ilikubali mara moja, lakini tumbo lilikataa.

Kama walaji wengi wa kanda hii, Marietha alikuwa akila ugali na maharage mchana, sahani ya kushiba kweli, kisha jioni anakwenda mbio. "Tumbo lilikuwa linacheza kama dumu la maji kwenye baiskeli," anasema. "Nikikimbia kidogo nashika ubavu. Nikikimbia sana natapika. Nikaona basi, nisile kabisa. Nikakimbia na njaa, nikaona nyota saa kumi na moja jioni."

Kitu kimoja alikigundua bila kufundishwa na mtu. Siku ambazo kazi ilikuwa nyingi na hakupata nafasi ya kukaa kula, alikuwa akidokoa alivyokatakata kwa ajili ya kachumbari: tango, nyanya, karoti, kipande cha kabichi. Baadaye ndizi mbivu moja au mbili kutoka kwa muuza matunda wa jirani. Siku hizo mbio zilikwenda laini.

Halafu ikaja Kwaresima. Marietha ni Mkatoliki, na kila mwaka huwa anaacha kitu. Safari hiyo hakutaka kuacha nyama peke yake.

"Nilisimama mbele ya jiko nikafikiri, mimi kinachonisumbua kila siku ni huu moto. Macho yanauma, nguo zinanuka moshi, nikifika nyumbani sitaki hata kuona sufuria. Nikasema, Bwana, hizi siku zako zote nitakula tu kisichopita hapa."

Alipanga arudi kwenye chakula cha kawaida siku ya Pasaka. Pasaka ikafika, pilau ikapikwa, watoto wakala wakamaliza. Yeye akajikuta anamenya embe.

"Sikuwa na uamuzi wowote mkubwa," anasema. "Nilikuwa najisikia mwepesi. Nikajiambia nitakula pilau kesho. Hiyo kesho bado inakuja."

Nyumbani kwake, mtaa wa pembezoni mwa mji, jiko la Marietha halifanani na majiko ya jirani. Kwenye kona yenye kivuli kuna vitambaa vyenye unyevu vilivyokunjwa. Ndani ya kimoja kuna choroko zinazoota, ndani ya kingine dengu, na ndani ya cha tatu uwele. Pembeni kuna ufuta uliotwangwa, mbegu za alizeti zilizomenywa, unga wa ubuyu, maparachichi yanayosubiri kulainika, na ungo wa nyanya.

Uwele huo ulimletea mgeni. Singida nzima inajua uwele ukiota unaitwa kimea, na kimea kinajulikana kazi yake ni pombe. Jirani mmoja alipochungulia na kuona kitambaa, alirudi kwao, akaja tena ameshika kikombe.

"Akaniuliza kwa upole kabisa, mama Enock, itakuwa tayari lini?" Marietha anacheka mpaka anashika meza. "Nikamwambia iko tayari, karibu. Nikampa kijiko. Alitafuna, akaniangalia, akatafuna tena. Akasema, pole sana dada."

Kitu kimoja tu nyumbani kwake lazima kipite motoni, nacho ni maji. Anayachemsha, anayapoza, na kwa hayo anaosha kila jani na kila tunda. Mwanzoni hakufanya hivyo, akalazwa kwa homa ya matumbo. "Hapo sina ubishi," anasema. "Moto wa maji naukubali."

Siku za mbio ndefu anajaza mkoba mdogo wa kiunoni. Anaweka ndizi mbivu zilizoanza kupata madoa, tende ambazo Rukaiya humwekea akiba mwezi wa Ramadhani ukiisha, na chupa ya maji ya ukwaju yenye chumvi kidogo. Anakula kabla njaa haijafika. Akisubiri mpaka aisikie, anasema, amechelewa.

Aliyeumizwa zaidi na mabadiliko hayo alikuwa mama yake mzazi.

Bibi Hana, mwenye miaka sabini na kitu, bado anaishi Ilongero na bado analima. Marietha alipokwenda kumsalimia baada ya ile Pasaka, mama alifanya anachofanya kila mzazi wa huko binti yake akifika. Alimkamata jogoo, jogoo mwenyewe, aliyekuwa amemtunza, akachinjiwa. Akampika kwa mikono yake.

Sahani ilipoletwa, Marietha aliisogeza pembeni kidogo. Kisha akasema kwa Kinyaturu, kwa sauti ya chini, kwamba hali tena nyama.

"Mama hakugomba," anasimulia, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii mwiko unasimama mkononi mwake. "Angegomba ningejua pa kushika. Aliifunika sahani, akaichukua, akaenda kukaa nje. Nilipomfuata nikamkuta analia. Akaniuliza, nimekukosea nini? Au huko mjini umeambiwa mimi nina mkono mbaya?"

Marietha alijaribu kueleza habari za mbio, tumbo na wepesi. Mama alisikiliza yote. Kisha akauliza: "Sasa mimi nikikupenda nikupe nini?"

Alirudi mjini jioni ileile kwa bodaboda na jogoo mzima kwenye hotpoti, zawadi kwa Laurian. Anasema hakuwahi kubeba hotpoti nzito namna ile.

Mjini nako mambo yalikuwa yanaiva. Mpaka wakati huo wateja walidhani tu kwamba mama Enock anakula mapema au anakula nyumbani. Kikundi cha mbio kilipoanza kumsifia, habari zikatoka: mama lishe yule wa karibu na soko hagusi chakula chake.

Sokoni maneno hayakai kimya. Wako waliosema anajua anachotia humo, ndiyo maana hali. Wako waliosema kuna dawa ya kuvuta wateja, na masharti yake mwenye dawa haonji. Benchi ambazo zilikuwa zinagombewa zikabaki na nafasi. Kuku walirudi nyumbani kwenye sufuria, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mauzo yakashuka hadi nusu, na wiki ambayo ada ya shule ya Enock ilitakiwa ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote.

Rukaiya anakumbuka mchana ambao Marietha alishindwa kuvumilia.

"Wateja walikuwa wachache, wananong'ona," anasema Rukaiya, mwanamke mnene mwenye sauti ya kufika barabarani. "Nikamwona mwenzangu anachota paja la kuku, anasimama katikati ya benchi, anasema, haya, mnataka nile? Naomba mnitazame. Nikajua akila hapa, hatakula kwa sababu anataka. Atakula kwa sababu ya watu. Na mtu akianza hivyo hamalizi."

Rukaiya aliacha wali jikoni, akavuka, akamnyang'anya lile paja.

"Weka chini," alisema, kwa ile sauti yake. "Tumbo la kulia kuku kwenye kibanda hiki ni langu!"

Akakaa kwenye benchi ya mbele kabisa, akala paja lote, akaomba ugali, akala ugali, akalamba vidole. Kisha akawageukia wateja: "Mimi nikifa kesho, msije. Nikiwa hai, nataka kuwaona hapa wote."

Kesho yake alikuwa hai. Akala tena, mbele za watu, sahani nzima. Akafanya hivyo siku nyingi mfululizo, kila sufuria inapoipuliwa yeye ndiye wa kwanza. Watu walianza kuja kwanza kwa ajili ya kumtazama, baadaye kwa ajili ya kula. Benchi zikajaa.

"Yeye alikuwa anapungua kwa mbio, mimi naongezeka kwa ajili ya kumtetea," anasema Rukaiya akijipiga kiunoni. "Hizi kilo zote unazoziona ni za urafiki."

Mpaka leo kuonja chumvi ni kazi yake.

Mtihani mwingine ulikuja kutoka ndani ya mwili wake mwenyewe, na huo Rukaiya hakuweza kuula.

Mwaka wa tatu Marietha alianza kuhisi ganzi kwenye vidole vya miguu. Alidhani ni raba. Akabadilisha raba. Ganzi ikapanda hadi kwenye nyayo. Akawa anachoka asubuhi kabla ya kuwasha moto, anasahau oda za watu, anatia chumvi mara mbili mpaka Rukaiya akaanza kumfokea. Hakumwambia mtu.

Katika hali hiyo alikwenda kukimbia mbio za kilomita 42 katika mkoa wa jirani. Nusu ya kwanza alikwenda vizuri. Nusu ya pili miguu ikawa kama ya mtu mwingine.

"Naiona inakwenda, lakini siisikii ikigusa chini," anasema. "Nikakaa kwenye kalvati. Nikasema nitapumzika kidogo. Gari la kuokota walioshindwa likapita, wakanikuta bado nimekaa, nimeshika ndizi sijui niipeleke wapi."

Laurian alikuwa akimsubiri kwenye mstari wa mwisho. Wakimbiaji wakaisha, mahema yakaanza kukunjwa, ndipo akamwona mkewe anateremshwa kwenye lori.

Laurian si mtu wa maneno mengi. Tulimkuta kwenye nyumba anayojenga, mikono ina saruji mpaka kwenye viwiko. Anaweka tofali chini kwanza. "Nilimwambia, mama Enock, mimi sijawahi kukukataza kitu. Hili la leo nakuomba. Kesho twende hospitali, na watakachosema tufanye. Kama ni kula kuku, ule. Nitakupikia mwenyewe."

Kliniki walipokewa na mtaalamu wa lishe aitwaye Calist. Alimuuliza Marietha anachokula tangu asubuhi hadi jioni, akaagiza damu ipimwe. Majibu yalionyesha alichokuwa akikishuku: upungufu mkubwa wa vitamini B12, ambayo mishipa ya fahamu inaihitaji na ambayo vyakula vya mimea havina ya kutosha.

"Na jambo la pili, alikuwa anakula kidogo mno," Calist anaeleza. "Bakuli lile lingemtosha mtu anayekaa dukani. Yeye anasimama jikoni kutwa, kisha anakimbia. Mwili ulikuwa unajila wenyewe."

Marietha alilia pale kliniki. Alikuwa na hakika ataambiwa arudi kwenye nyama, na akaona kama miaka yake mitatu imepotea.

"Nikamwambia, dada, mimi sikuambii ule kuku," anasema Calist. "Nakuambia uchome sindano, halafu umeze vidonge, na vidonge hivyo usiviache maisha yako yote kama utaendelea hivi. Na ule mara mbili ya unachokula. Akaniuliza, sindano ni ya mnyama? Nikamwambia hapana. Akafuta machozi, akakunja mkono wa gauni."

Calist anaomba msomaji asichukue habari hii kuwa ushauri. Anasema kula vibichi tupu si jambo la kumwiga mtu barabarani, na kwa wajawazito, watoto na wagonjwa ni hatari. Marietha mwenyewe anapimwa damu mara kwa mara, na wanawe, Enock na mdogo wake, wanakula ugali, maharage na mayai kama watoto wengine.

Ganzi haikuondoka upesi. Iliteremka polepole, miezi, kama maji ya bwawa wakati wa kiangazi. Kipindi hicho Mwalimu Melkiori alimkataza kukimbia. Alimruhusu kutembea tu, na kwa kuwa hakumwamini, alitembea naye.

Na chakula kikaongezeka. Parachichi zima badala ya nusu. Karanga na ufuta mikono miwili. Ndizi kwa chane. "Watu hawajui," anasema Marietha. "Kutafuna kunachosha kuliko kukimbia. Taya zangu zingeshindana, zingeleta medali."

Laurian ndiye aliyeipunguza kazi hiyo. Kila jioni akirudi kutoka kazini, akishanawa saruji, huketi kwenye kigoda na kibao cha kukwaruzia, akakwaruza karoti na mapapai mabichi ya mkewe mpaka bakuli lijae. Mafundi wenzake walipogundua walimtania kwa wiki nzima. "Nikawaambia mimi kazi yangu ni mikono," anasema. "Tofali, karoti, yote ni kupanga."

Mwaka huu, mvua zilipokuwa zinaishia na alizeti zimechanua, ziliandaliwa mbio ndefu hapahapa Singida, njia inayopita kati ya majabali na kuzunguka upande wa maziwa. Marietha alijiandikisha. Hakumwambia mama yake. Laurian ndiye aliyepiga simu Ilongero, kwa siri.

Asubuhi ya mbio wasichana wenye umri wa kuwa binti zake waliondoka mbele kama swala. Marietha aliwaacha waende. Alishika mwendo wake wa hotpoti, kama Mwalimu anavyouita: mabega yametulia, mikono karibu na mwili, kana kwamba kuna supu isiyotakiwa kumwagika.

Kilomita thelathini zilipopita, baadhi ya wale wasichana walikuwa wanatembea. Mmoja alikuwa ameshika goti. Marietha alimpa tende mbili, akamwambia atafune asimeze haraka, akaendelea.

Karibu na Ziwa Kindai aliona umati mdogo barabarani, na katikati yake bibi mmoja aliyejifunga kanga mpya, amekumbatia beseni lililofunikwa. Alikuwa mama yake. Alikuwa amekuja kwa bodaboda tangu alfajiri, ikiwa ni mara ya kwanza maishani mwake kupanda chombo hicho.

Marietha alipokaribia, Bibi Hana aliondoa kitambaa. Beseni lilikuwa limejaa papai lililomenywa na kukatwa vipande vikubwa, visivyolingana.

"Kula, mwanangu!" mama alipaza sauti, kwa Kinyaturu. "Ni la kwangu, nimelipanda mwenyewe. Sijaliweka kwenye moto!"

Mkimbiaji hatakiwi kusimama kilomita ile. Marietha alisimama. Alipiga goti la salamu, akala kipande kimoja, akala cha pili, huku anacheka na kulia, na mama anamsukuma mgongoni kwa kiganja chenye majimaji ya papai: "Haya nenda, nenda, wanakupita!"

Na kweli walimpita wawili. Aliwakamata kabla ya kuingia mjini. Hakushinda. Alikuwa wa sita kwa wanawake, na wa kwanza kwa waliovuka miaka arobaini. Alipofika mstarini miguu ilikuwa inamuuma kila mahali, vidole, nyayo, visigino. Laurian alipomuuliza anajisikiaje, alimjibu: "Inauma yote. Naisikia yote!" Akaruka.

Tangu siku hiyo, habari ya pale kibandani si tena kwa nini mama Enock hali kuku. Wanawake wenzake wa safu ile ya vibanda, wauza maandazi, wauza uji, wauza samaki wa kukaanga, walianza kumuuliza swali jingine: na sisi je?

Sasa jioni hakimbii peke yake. Wanakuja na kanga kiunoni, wengine na malapa kama yeye alivyoanza. Wanakimbia kidogo, wanatembea, wanacheka, wanakimbia tena. Hakuna anayeulizwa anakula nini. "Bakuli langu simlazimishi mtu," anasema. "Anayetaka chapati akimbie na chapati. Rukaiya anakuja na sambusa."

Rukaiya, akiwa mbele ya wali, hakanushi.

Mpango wao ni wa Desemba. Wanataka kutoka Singida Mjini kwa miguu hadi Kinampanda, kijiji cha Laurian huko Iramba, wakikimbia wanapoweza na kutembea wanapochoka, wakilala njiani kwa ndugu na marafiki. Ni safari ndefu hata kwa basi. Mwalimu Melkiori anatengeneza ratiba. Laurian atafuata nyuma na pikipiki yenye matenga mawili, moja la vibichi, moja la vilivyoiva jikoni. Bibi Hana, mwenye sabini na kitu, ameshasema wakipita karibu naye ataingia, wamzuie wakiweza.

Tunamuuliza Marietha safari hiyo ni ya nini. Hakuna zawadi mwisho wake, wala medali, wala mashindano.

Anafunika sufuria.

"Mwanamke wa huku ukimwona barabarani, amebeba," anasema. "Ndoo, kuni, mtoto, gunia la alizeti. Mimi tangu nizaliwe sijamwona mwanamke anatoka kijiji kimoja kwenda kingine hana kitu kichwani. Nataka tupite hivyo, wote, mikono inaning'inia tu. Watu wa njiani watatusimamisha, watauliza, akina mama, mnapeleka nini? Na sisi tutawaambia, hatupeleki kitu. Tunakwenda."